Utaratibu wa kudai fidia pale nyumba ya mapumziko inapokuwa tofauti na ilivyoahidiwa mkoani Rukwa

Mgeni aliyelipia nyumba ya mapumziko na kuikuta haina kile alichoahidiwa ana haki ya kudai kurejeshewa sehemu ya fedha zake. Pale upungufu unapokuwa mkubwa, anaweza kudai fedha zote pamoja na gharama nyingine zilizotokana na upungufu huo. Haki hiyo ni ile ile, mwenye nyumba awe kampuni au mwananchi wa kawaida anayekodisha nyumba yake ya ziada wakati wa likizo. Ili madai yafanikiwe, mgeni anatakiwa kuthibitisha mambo matatu: kwamba kulikuwa na ahadi, kwamba ahadi hiyo haikutimizwa, na kwamba alipata hasara kwa sababu hiyo.

Suala hili lina uzito wa pekee katika Mkoa wa Rukwa. Uwanda wa juu wa Ufipa na maeneo yanayouzunguka yana vivutio vingi. Yapo Maporomoko ya Kalambo, yenye kimo cha zaidi ya mita 200 katika mpaka wa Tanzania na Zambia. Upo Msitu wa Mbizi karibu na mji wa Sumbawanga, ipo mialo ya Ziwa Tanganyika ya Kasanga, Kipili na Kirando, na lipo Bonde la Ziwa Rukwa. Wageni hutoka Mbeya, Songwe, Katavi, Dodoma na Dar es Salaam, na wapo wenyeji wa mkoa wanaoishi mbali ambao hurudi kwa sherehe, misiba na sikukuu za mwisho wa mwaka. Wengi wao huagiza malazi kwa simu, hutumiwa picha chache na hulipa malipo ya awali kwa mtandao wa simu kabla ya kuiona nyumba. Aliyetoka Dar es Salaam huwa amesafiri zaidi ya kilomita 1,000. Akifika jioni na kukuta nyumba si ile aliyoonyeshwa, hana nafasi kubwa ya kuchagua, hasa akiwa na watoto au wazee.

Makala haya yanaeleza haki za mgeni na wajibu wa mwenye nyumba, namna ya kukokotoa madai, na mahali pa kuyapeleka endapo maelewano yatashindikana.

Mkataba upo hata pasipo karatasi

Wananchi wengi huacha kudai kwa kudhani kwamba bila karatasi iliyosainiwa hakuna mkataba. Dhana hiyo si sahihi. Kwa mujibu wa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano huwa mkataba pale yanapofanywa kwa hiari na watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, kwa malipo halali na kwa lengo halali. Kwa malazi ya siku chache, mazungumzo ya simu yanayofuatiwa na malipo yanatosha kuunda mkataba.

Mawasiliano ya kielektroniki nayo yana nguvu kisheria. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua mikataba inayofanyika kwa njia hiyo na inaruhusu kumbukumbu za kielektroniki kupokelewa kama ushahidi. Ujumbe wa WhatsApp unaosema nyumba ina vyumba vitatu na maji ya moto ni sehemu ya ahadi. Picha alizotumiwa mgeni ni sehemu ya ahadi. Ujumbe wa kuthibitisha kwamba fedha zimepokelewa ni ushahidi wa malipo, nao unaonyesha jina la aliyepokea, tarehe na kiasi. Mgeni anashauriwa asifute kumbukumbu hizo hadi safari itakapokwisha na hesabu zote kufungwa.

Pamoja na ujumbe wa simu, mgeni anapaswa kudai risiti. Mfanyabiashara anayetakiwa kutumia mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti (EFD) ana wajibu wa kutoa risiti, na mnunuzi ana wajibu wa kuidai. Mbali na kulinda mapato ya Serikali, risiti hiyo humtambulisha mfanyabiashara na kuonyesha kiasi halisi kilicholipwa, jambo linaloondoa ubishi pindi mgogoro unapotokea.

Pale nyumba inapokodishwa kupitia dalali au msimamizi, mwenye nyumba hawezi kujivua wajibu kwa kusema kwamba si yeye aliyezungumza na mgeni. Mtu aliyemteua wakala hufungwa na yale ambayo wakala huyo ameyafanya ndani ya mipaka ya kazi aliyopewa. Hata hivyo, ni busara kwa mgeni kujua mapema jina la mwenye nyumba na mahali anapopatikana, kwa kuwa wapo wanaojiita madalali ilhali hawakupewa kazi hiyo na mtu yeyote.

Upungufu unaostahili fidia

Si kila jambo lisilompendeza mgeni huzaa haki ya kudai. Sheria hulinganisha kilichoahidiwa na kilichotolewa. Mgeni aliyekodi nyumba ya kawaida Matai kwa bei ya kawaida hawezi kudai kwa sababu samani ni za zamani, kama hakuna aliyemwambia kwamba ni mpya. Lakini akiwa aliahidiwa vyumba vitatu akapewa viwili, au aliambiwa nyumba ipo ufukweni mwa ziwa na kuikuta kilomita kadhaa kutoka majini, ahadi imevunjwa.

Yapo pia mambo ambayo mgeni hahitaji kuahidiwa kwa maneno. Nyumba inayotolewa kwa ajili ya kulala inatarajiwa kuwa salama, safi na yenye kufaa kwa kazi hiyo. Paa linalovuja juu ya kitanda, choo kisichofanya kazi au mlango usiofungika ni upungufu hata kama tangazo halikutaja paa, choo wala mlango.

Mazingira ya Rukwa yanaonyesha kwamba kitu kile kile kinaweza kuwa na uzito tofauti kulingana na mahali. Mji wa Sumbawanga upo katika mwinuko mkubwa, na miezi ya Juni na Julai huwa na baridi kali nyakati za usiku. Huko, maji ya moto na mablanketi mazito ni mahitaji ya msingi, na mgeni aliyeahidiwa vitu hivyo akavikosa amepoteza sehemu kubwa ya kile alicholipia. Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika na Bonde la Ziwa Rukwa, ambako kuna joto na mbu, chandarua kizima na hewa ya kutosha chumbani ndivyo vyenye uzito huo.

Kuna matukio ambayo mwenye nyumba halaumiwi. Kukatika kwa umeme wa gridi au mvua kubwa inayoharibu barabara si kosa lake. Hali hubadilika ikiwa aliahidi jenereta na haikuwapo, au ikiwa alijua kwamba barabara ya kufikia nyumba imekatika na hakusema. Vilevile, pale ambapo tukio lisilozuilika limefanya huduma ishindikane kabisa, mwenye nyumba hana sababu ya kubaki na fedha za usiku ambao hakutoa huduma. Katika hali hiyo pande zote zinapaswa kukaa na kukubaliana juu ya marejesho au tarehe nyingine.

Sheria ya Mikataba hutenganisha pia upungufu wa kawaida na udanganyifu. Mkataba uliotokana na maelezo ya uongo unaweza kubatilishwa na aliyedanganywa. Maana yake ni kwamba mgeni aliyeonyeshwa picha za nyumba nyingine halazimiki kukaa katika nyumba asiyoikubali. Anaweza kuukataa mkataba na kudai fedha zake. Maneno “fedha iliyolipwa hairudishwi” yaliyoandikwa ukutani au katika risiti hayawezi kuhalalisha udanganyifu.

Hatua za kuchukua kabla ya kuondoka

Madai mengi hufanikiwa au kushindwa kutokana na yale mgeni aliyoyafanya katika saa za kwanza baada ya kufika. Hatua zifuatazo zinashauriwa.

Kwanza, atoe taarifa kwa mwenye nyumba au msimamizi mara tu anapogundua tatizo. Akipiga simu, aifuatishe na ujumbe wa maandishi unaotaja upungufu mmoja mmoja, ili kumbukumbu ibaki.

Pili, ampe mwenye nyumba nafasi ya kurekebisha. Bomba linaweza kutengenezwa, godoro linaweza kubadilishwa na nyumba nyingine yenye hadhi hiyo hiyo inaweza kupatikana. Mgeni anayeondoka kimya kimya na kulalamika baada ya wiki mbili hudhoofisha madai yake mwenyewe, kwa kuwa mwenye nyumba atasema hakuwahi kuambiwa.

Tatu, akusanye ushahidi. Apige picha na video zinazoonyesha tatizo pamoja na mahali lilipo. Picha ya paa linalovuja iambatane na picha ya chumba kizima ili ifahamike kwamba ni nyumba hiyo. Aliyesafiri naye, dereva aliyemfikisha au jirani aliyeshuhudia anaweza kuwa shahidi.

Nne, apunguze hasara. Sheria ya Mikataba inaelekeza kwamba katika kukadiria hasara zitazamwe pia njia zilizokuwapo za kupunguza usumbufu. Mgeni anayelazimika kuhama atafute malazi ya kiwango kinacholingana na alichokuwa amelipia. Aliyekodi nyumba ya Sh 90,000 kwa usiku hawezi kuhamia hoteli ya Sh 400,000 na kutarajia tofauti yote ilipwe na mwenye nyumba wa kwanza, endapo malazi ya kawaida yalikuwapo karibu.

Aliyeagiza nyumba kupitia jukwaa la kimataifa la intaneti azingatie masharti ya jukwaa hilo, kwa sababu muda wa kulalamika huwa mfupi. Airbnb, kwa mfano, humtaka mgeni atoe taarifa ndani ya saa 72 baada ya kugundua tatizo. Akichelewa, njia hiyo ya marejesho inaweza kufungwa hata kama madai yake ni ya haki.

Namna ya kukokotoa madai

Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba kinampa aliyevunjiwa mkataba haki ya kulipwa fidia kwa hasara iliyotokana na uvunjaji huo kwa mtiririko wa kawaida wa mambo, au hasara ambayo pande zote zilijua, wakati wa kufanya makubaliano, kwamba ingeweza kutokea. Kifungu hicho hakiruhusu fidia kwa hasara ya mbali isiyotokana moja kwa moja na uvunjaji. Mgeni anapaswa kuandaa hesabu yake kwa kufuata mstari huo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Familia kutoka Mbeya imekodi nyumba nzima Wilaya ya Kalambo kwa usiku nne, kwa Sh 90,000 kila usiku, jumla Sh 360,000, ili kutembelea Maporomoko ya Kalambo. Iliahidiwa vyumba vitatu vya kulala na maji ya moto. Ilipofika ilikuta chumba kimoja kinavuja na hakilaliki, na maji ya moto hayapo. Ilimwarifu mwenye nyumba jioni ile ile. Baada ya usiku mbili bila marekebisho, ilihamia nyumba ya kulala wageni mjini Sumbawanga na kuchukua vyumba vitatu kwa Sh 35,000 kila kimoja, yaani Sh 105,000 kwa usiku, jumla Sh 210,000 kwa usiku mbili. Gari la kuhamisha mizigo liligharimu Sh 25,000.

Madai ya familia hiyo yanaweza kupangwa hivi. Fedha za usiku mbili ambazo haikukaa ni Sh 180,000. Gharama ya ziada ya malazi mbadala ni Sh 30,000, ambayo ni tofauti kati ya Sh 210,000 na Sh 180,000. Punguzo kwa usiku mbili za kwanza, ambapo ilipata vyumba viwili badala ya vitatu na kukosa maji ya moto, linaweza kukadiriwa kuwa theluthi moja ya Sh 180,000, yaani Sh 60,000. Gari ni Sh 25,000. Jumla ya madai ni Sh 295,000.

Zipo gharama ambazo familia hiyo haipaswi kuziingiza. Mafuta ya gari kutoka Mbeya yangetumika hata kama nyumba ingekuwa nzuri, hivyo hayakutokana na upungufu. Chakula nacho kingeliwa kwa vyovyote. Kudai Sh 360,000 yote pamoja na Sh 210,000 za malazi mbadala kungekuwa kudai mara mbili kwa usiku zile zile. Hesabu iliyotulia na yenye risiti kwa kila kipengele humshawishi mwenye nyumba na hakimu kwa urahisi zaidi kuliko kiasi kikubwa kisicho na maelezo.

Kuvunjika moyo kama hasara

Swali linaloulizwa mara kwa mara ni iwapo mgeni anaweza kulipwa kwa sababu ya likizo kuharibika, mbali na fedha alizotumia. Kanuni ya jumla ni kwamba fidia ya mkataba hulipa hasara inayopimika, na maudhi ya kawaida hayalipwi. Hata hivyo, mahakama za nchi zinazofuata mfumo wa sheria unaofanana na wa Tanzania zimekubali kwamba pale lengo lenyewe la mkataba linapokuwa starehe na mapumziko, kukosa mapumziko hayo ni hasara.

Kesi inayorejewa zaidi ni ya Jarvis dhidi ya Swans Tours, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1972. Mlalamikaji alilipa pauni 63.45 kwa likizo ya siku 15 nchini Uswisi mwishoni mwa mwaka 1969, baada ya kusoma tangazo lililoahidi shamrashamra pamoja na wageni wengine. Katika wiki ya pili alijikuta mgeni pekee hotelini. Mahakama ya chini ilimpa pauni 31.72, takriban nusu ya alicholipa. Mahakama ya Rufani iliongeza kiasi hicho hadi pauni 125, ikizingatia pia kukatishwa tamaa kwake.

Hukumu ya Uingereza ya miaka hiyo haizifungi mahakama za Tanzania, ingawa inaweza kutumika kushawishi. Kwa mwananchi wa kawaida, ushauri ulio salama ni kujenga madai juu ya fedha zinazoonekana katika risiti, na kuiachia mahakama iamue endapo usumbufu mwingine unastahili kuongezewa kitu. Anayetaka kudai fidia ya aina hiyo kwa kiasi kikubwa apate kwanza ushauri wa mwanasheria.

Barua ya madai

Kabla ya kwenda katika chombo chochote, mgeni aandike barua fupi ya madai kwa mwenye nyumba. Lugha iwe ya heshima, na barua ieleze ukweli bila matusi wala vitisho. Mfano wake ni huu:

“Ndugu, mimi ni mgeni niliyekodi nyumba yako iliyopo (mahali) kuanzia tarehe (…) hadi (…), kwa malipo ya Sh (…) niliyoyafanya tarehe (…). Uliniahidi (taja). Nilipofika nilikuta (taja), na nilikuarifu tarehe (…) saa (…). Tatizo halikurekebishwa. Kwa sababu hiyo nimepata hasara ya Sh (…), kama inavyoonyeshwa katika mchanganuo na risiti nilizoambatanisha. Naomba unirejeshee kiasi hicho ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii. Nipo tayari kwa mazungumzo. Endapo sitapata jibu, nitapeleka madai yangu katika vyombo vinavyohusika.”

Barua ipelekwe kwa njia inayoacha kumbukumbu, na nakala ibaki kwa mdai. Ikiwa pande zote zitakubaliana juu ya kiasi pungufu, makubaliano hayo yaandikwe na kusainiwa na wote wawili, yakitaja kiasi na tarehe ya malipo.

Mahali pa kupeleka madai

Halmashauri ya eneo husika ni mahali pa kwanza pa kuulizia. Rukwa ina Halmashauri za Manispaa ya Sumbawanga, Wilaya ya Sumbawanga, Nkasi na Kalambo. Ofisi inayoshughulikia biashara inaweza kueleza kama nyumba hiyo ina leseni, na maofisa afya wana wajibu wa kusimamia usafi wa nyumba za wageni. Halmashauri haitoi hukumu ya fidia, lakini wito wa ofisi ya biashara humaliza migogoro mingi midogo.

Tume ya Ushindani (FCC) ilianzishwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na miongoni mwa majukumu yake ni kumlinda mlaji. Sheria hiyo inakataza matangazo ya kupotosha na maelezo ya uongo kuhusu huduma, na inaipa Tume uwezo wa kutoa amri za fidia. Njia hii inafaa zaidi pale ambapo mfanyabiashara anatangaza uongo ule ule kwa wateja wengi, kwa kuwa uamuzi wake unaweza kuwalinda na wengine.

Mahakama ya Mwanzo ndiyo njia iliyo karibu zaidi na mwananchi kwa madai ya kurejeshewa fedha zilizolipwa kwa mkataba. Tangu marekebisho ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu yaliyofanyika mwaka 2016, mahakama hiyo inaweza kusikiliza madai ya aina hiyo yasiyozidi Sh milioni 30. Mashauri huendeshwa kwa Kiswahili, na mdai anaweza kujieleza mwenyewe bila wakili. Kinachotakiwa ni kwamba ushahidi wake uwe na uzito kuliko wa upande wa pili. Asiyeridhika na uamuzi anaweza kukata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30.

Mdai azingatie kwamba shauri hufunguliwa mahali anapoishi mdaiwa au mahali chanzo cha madai kilipotokea. Kwa mgeni kutoka mkoa mwingine, maana yake mara nyingi ni kurudi Rukwa kwa ajili ya kusikilizwa. Kwa madai ya Sh 295,000, nauli za safari kadhaa zinaweza kuyamaliza. Kwa hiyo ni vyema jitihada za maelewano zifanyike kwa dhati wakati mgeni bado yupo eneo la tukio, uso kwa uso na mwenye nyumba.

Mahakama ya Wilaya husikiliza madai makubwa zaidi, yakiwamo yanayohusu fidia ya jumla isiyopimwa kwa risiti. Sumbawanga pia ni makao ya Masjala Ndogo ya Mahakama Kuu, ambayo husikiliza rufaa kutoka mahakama za chini za eneo lake.

Jeshi la Polisi huhusika pale kunapokuwa na jinai. Mtu anayetangaza nyumba isiyokuwapo au isiyo yake, akapokea fedha na kuzima simu, anaweza kushtakiwa kwa kosa la kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Namba ya simu iliyotumika katika utapeli inaweza kuripotiwa kwa kutumwa kwenda 15040. Aliyetapeliwa aijulishe pia kampuni ya simu mara moja, kwa kuwa fedha ambazo hazijatolewa zina nafasi kubwa zaidi ya kuzuiliwa. Si sahihi, hata hivyo, kumfungulia mwenye nyumba kesi ya jinai kwa sababu tu maji ya moto yalikosekana. Hayo ni madai, na njia yake ni zile zilizotajwa hapo juu.

Mwananchi asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kutafuta huduma chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambayo inawatambua wasaidizi wa kisheria waliopo katika jamii. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, nayo imekuwa ikiwafikia wananchi katika maeneo yao kwa elimu na ushauri bila malipo.

Muda wa kudai

Kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, madai yanayotokana na mkataba yana ukomo wa miaka sita tangu haki ya kudai ilipozaliwa. Muda huo usiwe sababu ya kusubiri. Simu hupotea, mashahidi huhama na nyumba hukarabatiwa. Barua ya madai iliyoandikwa ndani ya wiki ya kwanza baada ya kurejea ina uzito mkubwa.

Wajibu wa mwenye nyumba

Utaratibu huu unamlinda pia mwenye nyumba mwaminifu. Anayetuma picha za sasa, anayetaja umbali halisi kutoka lami au ziwani, na anayesema mapema kwamba maji hutoka kwa zamu, hampi mgeni msingi wa kudai. Anashauriwa kuandika masharti mafupi yanayoonyesha idadi ya vyumba na vitu vilivyomo, kiasi cha malipo ya awali, marejesho endapo mgeni ataahirisha safari, na namba ya kupiga tatizo linapotokea. Kabla mgeni hajaingia, wakague nyumba pamoja.

Mwenye nyumba anayepokea malalamiko yasiyo ya kweli naye ana haki ya kujitetea kwa ushahidi ule ule wa picha na ujumbe, na anaweza kumdai mgeni aliyeharibu mali au kuondoka bila kulipa. Pale upungufu unapokuwa wa kweli, kumrejeshea mgeni kiasi kinachostahili siku hiyo hiyo huwa nafuu kuliko gharama za shauri. Mgeni aliyetendewa haki huko Matai, Namanyere au Kasanga hurudi tena, na huwaelekeza wengine.

Wananchi wanaopanga kutembelea Rukwa wanakumbushwa kuuliza jina la mwenye nyumba na leseni yake, kupata ahadi kwa maandishi, kulipa kwa njia inayoacha kumbukumbu, kudai risiti, na kutoa taarifa ya upungufu wowote siku ile ile unapogunduliwa.